Dharura nyingi zina tarehe: ninavyopanga pesa ya nyumba Tandika

Mimi ni fundi cherehani wa Tandika. Baba watoto hufanya kazi za mkataba kwenye maghala ya Kurasini. Mkataba ukiwepo kuna mshahara, ukiisha nyumba nzima inategemea cherehani. Tuna watoto watatu na vyumba viwili vya kupanga. Nayaandika haya kwa watu wa aina yetu, ambao pesa haiingii kwa tarehe maalumu. Mafundisho mengi ya bajeti huanza na "ukishapokea mshahara", na hapo fundi, mama ntilie na dereva wa bajaji wanakuwa wameshaachwa.

Anza na madeni kabla ya mapato

Kaa na mwenzako muandike kila jambo lililowafanya mkope mwaka huu na uliopita. Pembeni ya kila jambo andikeni mwezi lilipotokea. Kwetu orodha ilitoka hivi: kodi ya nyumba, mara mbili kwa mwaka. Sare, madaftari na michango ya shule, Januari. Idd. Biashara kulala wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mitaro ikifurika na wateja hawatoki. Halafu ndiyo yakaja mengine: mtoto kulazwa, msiba, mkataba kuisha kabla ya wakati, mota ya cherehani kuungua.

Itazameni orodha hiyo vizuri. Kundi la kwanza lote lina tarehe. Masika hayajawahi kutuficha kwamba yanakuja, na mwenye nyumba pia hajatuficha. Tunayaita dharura kwa sababu yanatukuta mikono mitupu. Kundi la pili ndilo dharura kweli, maana hakuna anayejua siku yake. Makundi haya mawili yasichote fungu moja. Kodi ikilipwa kwa pesa ya ugonjwa, wiki inayofuata mtoto akipandisha homa usiku mnaanza kugonga milango ya majirani. Mengine yote ninayoeleza yanatoka hapo.

Ishini kwa mwezi mbaya

Kazi yangu ina misimu. Desemba hadi mwanzoni mwa Januari ni sare za shule. Kumi la mwisho la Ramadhani nashona mpaka usiku, na Idd ikipita harusi zinafuatana. Kisha zinakuja wiki za kupunguza suruali na kubadilisha zipu tu. Kila jioni naandika kilichoingia. Tulichukua mwezi uliokuwa mbaya kuliko yote kwenye daftari, tukapima nyumba ingekula kiasi gani bila kukopa, ikatoka shilingi 15,000 kwa siku: jikoni, maji, umeme wa LUKU, gesi na nauli. Mwezi wa neema ukija, nyumba inaendelea kupata 15,000 ileile, na kinachozidi kinakwenda kwenye mafungu. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu mwezi mzuri unamtia mtu hamu ya kufidia dhiki zote za nyuma. Tulikubaliana mimi na baba watoto kwamba sikukuu ina fungu lake, ili mtu asione nyumba imekuwa jela.

Mafundi wenzangu, pesa ya advansi si yenu mpaka nguo itoke. Mteja akinipa advansi nanunua bitana, vifungo na zipu siku hiyohiyo. Advansi ikishaliwa jikoni, nguo ya huyu inashonwa kwa pesa ya yule, na siku wateja wakikatika unadaiwa nguo na chakula hakuna.

Kodi, kisha Januari

Wenye nyumba wengi Dar wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine ya mwaka mzima. Vyumba vyetu ni 120,000 kwa mwezi, kwa hiyo mkupuo ni 720,000. Ukiigawa kwa siku 180 inakuwa 4,000 kwa siku. Mimi nahamisha 28,000 kila Jumamosi, kuanzia Jumamosi ya kwanza baada ya kulipa. Ukisubiri mwezi wa tano uishe ndipo uanze kutafuta, utakuwa unatafuta 24,000 kwa siku, na fundi wa Tandika hana siku kama hizo mfululizo. Wiki ikiwa mbaya naweka 10,000, nami naandika pembeni kwamba fungu la kodi linanidai 18,000. Msimu ukifunguka, deni hilo linalipwa kabla ya kitu kingine chochote.

Na ikionekana mapema kwamba pesa haitatimia, mwendee mwenye nyumba mwezi mmoja kabla, na sehemu ya pesa mkononi. Wa kwetu ni mama mtu mzima. Unamwamkia, unakaa, unamweleza umefikia wapi na iliyobaki italetwa lini. Mtu mzima anayeheshimiwa namna hiyo huwa anasikia. Anayejificha ndiye anayeletewa dalali na mpangaji mpya mlangoni.

Januari nayo ina siri ambayo mafundi tunaijua. Ada kwenye shule za msingi na sekondari za serikali iliondolewa kuanzia 2016 hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu, begi, madaftari na nauli vimebaki kwa mzazi. Wazazi wengi wanaleta vitambaa wiki ya kwanza ya Januari, wakati meza zetu zimejaa na kitambaa cha sare kimepanda. Leta Novemba. Bei utaizungumza kwa utulivu, mtoto atajaribu, na fundi atakuachia pindo refu la kuteremsha mwaka unaofuata. Sketi moja yenye pindo nzuri inavaliwa miaka miwili.

Pesa ikae wapi

Fungu la dharura nimelitenga sehemu tatu, kwa kufuata haraka ya kuhitajika.

Ya kwanza ni noti ndani ya nyumba, 50,000, nyingi zikiwa ndogondogo. Saa nane usiku mawakala wamefunga, mtandao unaweza kugoma, na mtu wa bajaji wa kuwapeleka hospitali ya Temeke anataka pesa taslimu. Noti hizo hazigusiwi vocha wala mkaa.

Ya pili iko kwenye simu, kwa laini ambayo namba yake hakuna mteja anayeijua. Laini ya biashara inaingia na kutoka siku nzima, na akiba ikikaa humo inayeyuka bila kuonekana. Baba watoto anaijua namba ya siri ya laini hii. Nasisitiza hilo kwa wanandoa, maana akiba ambayo mtu mmoja tu anaweza kuitoa haisaidii siku mtu huyo akiwa ndiye mgonjwa.

Ya tatu iko mbali kidogo kwa makusudi. Tunatumia benki, na kidogo tumeweka kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ambako ukitaka pesa unaomba kuuza vipande na kungoja siku kadhaa za kazi. Kule kungoja kunaokoa pesa nyingi, kwa kuwa matamanio ya Ijumaa mara nyingi yanakuwa yamepoa Jumatatu. Ukiwa na akaunti ya benki, amana yako ina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana mpaka shilingi milioni 7.5. Pesa ya kwenye kibubu haina kinga hiyo, wala iliyo mkononi mwa kijumbe, yule mkusanya pesa za mchezo.

Hata hivyo mchezo, ule wa kuchanga na kupokea kwa zamu, naupenda na nimecheza miaka mingi. Unamlazimisha mtu kuweka, kwa sababu wenzake wanamtazama. Ila chagua zamu yako kwa kalenda. Kila mtu anagombea namba ya kwanza, na anayeipata amekopa, maana miezi yote inayobaki analipa. Mimi naomba zamu ya Desemba, iangukie karibu na shule kufunguliwa. Na nacheza na watu ninaowajua wanapolala, wasiozidi idadi ambayo kijumbe anaweza kuwafikia kwa miguu. Kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopeshana, tunakivunja Desemba vilevile. Kabla ya kujiunga na kikoba chochote uliza kama kimesajiliwa, kwa sababu tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri. Uliza pia mfuko wa jamii unamlipa nani, kiasi gani, na kwa jambo gani. Kikundi kisicho na majibu ya maandishi juu ya msiba na ugonjwa, mtagombana siku ya msiba.

Mikopo ya kausha damu

Mikopo hii ya riba kubwa inaniuma kwa sababu nimeona majirani wakibebewa friji na televisheni mchana kweupe. Fanya hesabu kabla ya kuweka dole gumba. Chukua mkopo wa 100,000 wa kurejesha 5,000 kila siku kwa siku 26. Umerejesha 130,000. Riba ni 30,000 kwa muda usiofika mwezi, tena kila siku ulikuwa umeshapunguza deni, kwa hiyo hukukaa na ile laki yote. Benki Kuu imewawekea watoa mikopo wa daraja la pili, yaani wasiopokea akiba za watu, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Linganisha mwenyewe. Muombe mkopeshaji leseni yake ya Benki Kuu, na akikasirika kwa swali hilo, ondoka. Mikopo ya kwenye programu za simu ni vivyo hivyo: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali, na baadhi ya wakopeshaji wa mitandaoni wana tabia ya kupigia namba zote za kwenye simu yako kukuaibisha.

Kitendea kazi kisiwekwe dhamana kabisa. Cherehani, pikipiki, jiko la biashara, hivyo ndivyo vitakavyolipa deni. Vikichukuliwa, deni linabaki na njia ya kulilipa imeondoka.

Harusi na misiba

Tuna fungu linaloitwa la watu. Kadi za michango zinaingia kila wiki, na siku hizi hata hujaulizwa unakuta umeshaunganishwa kwenye kundi la kamati. Ndugu wa damu na majirani wa mtaa tunawachangia. Wengine tunawatumia kidogo tunachoweza, mapema, pamoja na ujumbe mzuri, bila kuahidi. Ahadi iliyoandikwa kwenye daftari la kamati inageuka deni.

Kwa msiba sipunguzi. Kwetu ni Morogoro, na tangu treni ya SGR ilipoanza Juni 2024 kwa nauli ya 13,000 daraja la kawaida, najua kabisa kwamba watu wazima wawili kwenda na kurudi ni 52,000, bado rambirambi na chakula cha njiani. Kiasi hicho kinakaa tayari. Fanyeni hesabu ya safari ya kwenu, kwa sababu simu ya msiba haingoji mwisho wa mwezi.

Umeme

Kama mnachangia mita moja wapangaji wengi, fahamuni kwamba mteja wa matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na wa kawaida hulipa 292, kabla ya kodi na makato. Nyumba ya familia tano kwenye mita moja haiwezi kubaki chini ya 75. Mkiweza, zungumzeni na mwenye nyumba kuhusu mita ya kila upande. Na kama kazi yako ni ya umeme, weka njia ya kufanya kazi bila umeme. Mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 niliuvuka kwa cherehani ya kukanyaga ambayo wengi walinishauri niiuze.

Kazi ikisimama

Aliyeajiriwa aanze kujiandaa akiwa bado kazini. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wana fao la kukosa ajira: mwanachama aliyechangia miezi isiyopungua 18, ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi sita. Lakini linategemea michango kufika. Mwajiri mmoja wa zamani wa baba watoto alikuwa akikata kwenye mshahara na kuchelewa kupeleka, na tuligundua kwa kuomba taarifa ya michango. Iombeni kila baada ya miezi michache, na mkataba na hati za mshahara zihifadhiwe mahali ambapo maji ya mvua hayafiki. Mkiwa mnakaa mabondeni, zifungeni kwenye mfuko wa nailoni na kuziweka juu.

Siku kazi inaposimama, jioni hiyohiyo waambieni watoto kwa lugha wanayoielewa. Chakula, dawa na nauli ya shule vinatangulia. Kijumbe na wenye madeni wapigieni kabla ya siku yao, mkiwaambia kiasi mtakachoweza. Nyumba ishuke kwenye 15,000 mapema, hata kama akiba inaonekana kubwa, kwa kuwa hamjui kazi itarudi lini. Pesa ikianza kuingia tena, ile 50,000 ya noti za ndani irudi kwanza, kisha laini ya pili, kisha pengo la kodi mliloliandika pembeni, na nguo mpya na simu mpya vingoje mpaka mistari hiyo mitatu ikatwe kwenye daftari.