SOMO: Kinara cha Hanuka cha kigae na nati, pamoja na latke zisizonywa mafuta (maswali yote yaje hapa)

Wakuu, kila Kislev (mwezi wa Kiyahudi wa Hanuka, sikukuu ya mishumaa ya usiku nane) ikikaribia naulizwa yaleyale: mishumaa inaanzia upande gani, kwa nini kinara cha mtoto kimeungua, kwa nini latke (viazi vya kukwaruza vya kukaanga) zimekuwa uji. Naandika mara moja. Ukiniuliza tena inboksi nitakurudisha hapa.

Mwaka huu wa 2026 mshumaa wa kwanza unawashwa jioni ya Ijumaa, tarehe 4 Desemba, na wa nane Ijumaa ya tarehe 11. Ijumaa mbili katika Hanuka moja. Shikeni hilo, nitalirudia.

KINARA

Vifaa: kipande cha kigae cha sakafu, sm 45 kwa sm 10 (fundi vigae atakukatia kwenye mabaki yake), nati 12 za chuma za M10, zile za spana 17, gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili, msasa, spiriti kidogo. Tundu la nati hiyo ni kama mm 8.5, na mishumaa midogo ya boksi la 44 huingia kwa kubanwa kidogo. Nenda na mshumaa mmoja mfukoni ujaribu palepale dukani, maana viwanda havifanani.

Hatua ya 1. Osha kigae, kausha.

Hatua ya 2. Piga alama nane kwenye mstari mmoja, sm 4.5 kutoka katikati ya nati moja hadi katikati ya nyingine. Ukizibana, ndimi za moto zitaungana na mishumaa itayeyushana. Ya tisa ni ya shamashi, mshumaa mtumishi: iache sm 6 pembeni na uipandishe juu ya zile nati tatu za ziada. Minane lazima iwe kimo kimoja. Shamashi ndiye anayetofautiana nayo.

Hatua ya 3. Gundi. Vinara vingi vya nyumbani vinafia hapa. Watu huchukua ubao, hubandika nati kwa gundi ya bunduki, mtoto anapaka rangi, picha zinapigwa. Usiku wa kwanza hakuna kinachotokea kwa sababu ni nati mbili tu zinazopata moto. Tatizo linakuja usiku wa sita, wa saba. Mshumaa ukikaribia kuisha, moto hukaa ndani ya nati, chuma kinashika joto, gundi ya bunduki inalainika kama bazoka, na nati inateleza na mshumaa wake ukiwa bado unawaka. Ubao chini yake unaanza kuwa mkaa. Kigae hakiungui, na joto husambaa humo. Lakini epoksi nayo haishiki kwenye mng'ao wa kigae: kwaruza kila alama kwa msasa mpaka pafifie, futa kwa spiriti, changanya mirija miwili sawa kwa sawa, paka kitako cha nati tu, isiingie tunduni. Acha saa 24, si "mpaka ikauke". Siku ya kuwasha, zungushia kitako cha kila mshumaa kipande cha foili. Hautayumba, na nta itatoka kirahisi.

ONYO: hakuna plastiki, hakuna kadibodi, hakuna vizibo vya soda juu ya boksi la viatu. Shanga na vipande vya vigae vya rangi watoto wabandike wapendavyo, ila sm 2 mbali na nati.

Hatua ya 4. Ukikitazama kinara, PANGA kutoka kulia kwenda kushoto, WASHA kutoka kushoto kwenda kulia. Kila usiku unaongezwa mmoja, na huo mpya ndio wa kwanza kuwashwa. Washa shamashi, sema baraka ukiwa umemshika mkononi, kisha uwashe mingine kwa yeye. Baraka ni mbili kila usiku. Usiku wa kwanza inaongezwa ya tatu, Shehekheyanu.

Hatua ya 5. Dirishani, mbali na pazia. Mtu mzima asitoke chumbani mpaka iishe yenyewe.

Sasa Ijumaa. Mishumaa ya Hanuka hutangulia ile ya Sabato, maana Sabato ikishaingia, jua likizama Ijumaa, huwashi tena kitu. Na ni lazima iendelee kuwaka mpaka nusu saa baada ya nyota kutoka. Nairobi utakuwa unawasha kama saa 12 kamili jioni, jua bado lipo, kwa hiyo unahitaji mwanga usiopungua dakika 90. Ile mishumaa midogo huisha kwa nusu saa hivi. Ijumaa tumia mafuta: glasi ndogo nane, mafuta ya zeituni, utambi wa pamba. Washa glasi moja siku ya kazi, tazama saa, ndipo ujue ujaze kiasi gani.

LATKE (kama 20)

Viazi mviringo kilo 1, vya chipsi, si vile vipya vya maji. Kitunguu kikubwa 1, mayai 2, unga wa ngano vijiko vya chakula 3, chumvi kijiko cha chai 1½, pilipili manga.

Kwaruza viazi na kitunguu kwa matundu makubwa. Funga kwenye kitambaa safi, nyonga juu ya bakuli mpaka mikono iume. Yale maji usimwage! Yaache dakika 5, yamimine taratibu, na ule wanga mweupe ulioganda chini urudishe kwenye viazi. Huo ndio unaoshikanisha. Anayeumwaga huishia kuongeza unga na kupata chapati za viazi. Changanya vyote, kaanga mara moja. Mchanganyiko ukikaa chumvi huvuta maji upya.

Mafuta kina cha sm 1. Dondosha uzi mmoja wa kiazi: ukichemka papo hapo, anza. Dakika 3 hadi 4 kila upande, nne tu kwa kikaango. Ukijaza, mafuta hupoa na latke zinayanywa. Ipulia juu ya wavu, si juu ya karatasi, zisitoke jasho chini.

MASWALI

Kipepeo_MSA: Naanza kuwasha kulia au kushoto?
Mwandishi: Hatua ya 4. Kuna hadi herufi kubwa.

baba_wawili: Mimi nimeshatengeneza cha mbao na hakijaungua. Unatisha watu.
Mwandishi: Ulifika usiku wa nane?
baba_wawili: Wa tatu.
Mwandishi: Sawa.

Nuru_Mbale: Shalom mwalimu. Watoto wameniuliza, kwa nini tusianze na minane tukishuka hadi mmoja? Yale mafuta ya Hekaluni ya muujiza wa siku nane si yalikuwa yanapungua?
Mwandishi: Wape hongera. Swali hilo limo kwenye Talmudi (mijadala ya kale ya sheria za Kiyahudi), kitabu cha Shabbat. Wanafunzi wa rabi Shamai, yaani nyumba ya Shamai, walisema hivyohivyo: anza na nane, shuka. Nyumba ya rabi mwenzake Hileli wakasema anza na mmoja, panda, kwa kuwa katika mambo matakatifu tunapanda, hatushuki. Tunamfuata Hileli. Mpe kila mtoto upande mmoja wautetee mbele ya kinara. Na wakitaka hesabu: 1 hadi 8 ni 36, ongeza shamashi 8, ndiyo 44 za boksi.

Kipepeo_MSA: Samahani kwa lile la kwanza. Huku Mombasa mishumaa inapinda kabla haijawashwa.
Mwandishi: Hamna neno dada. Iweke friji, itoe muda wa kuwasha. Na usikiweke kinara kwenye upepo wa feni, nta inamwagika upande mmoja.

mjukuu_wa_fundi: Mafuta ya nazi yanafaa kwenye glasi?
Mwandishi: Yanafaa, yanawaka vizuri. Pwani hayana shida. Sehemu za baridi huganda chini ya nyuzi 24 hivi na utambi unakosa kitu cha kunyonya. Yapashe kwanza.

Tausi254: Latke na nyama choma, mtindi juu?
Mwandishi: Latke na nyama, sawa. Latke na mtindi, sawa. Vitatu pamoja, hapana: kwa sheria ya chakula ya Kiyahudi, maziwa na nyama havikai sahani moja.

Tausi254: Na badala ya sufganiya (donati za Hanuka) naweza kupika mahamri?
Mwandishi: Kabisa. Maana yake ni kula kilichoiva ndani ya mafuta. Na ya tui la nazi hayana maziwa, yanakaa hata na nyama.

Nuru_Mbale: Pia ya kuchezea je? Tunayo ya mti ya pande nne, haina herufi.
Mwandishi: Andika herufi za Kiebrania: nun, gimel, he, shin. Nun hupati kitu, gimel unachukua zote zilizo katikati, he nusu, shin unaweka moja. Herufi hizo ndizo zinazoanza maneno ya Kiebrania ya "muujiza mkubwa ulitokea kule". Israeli shin inakuwa pe, kwa sababu "kule" kwao ni "hapa". Mnachezea karanga, kumi kumi kila mtu. Pia ikiyumba, chonga ncha iwe katikati kabisa. Kwa kawaida kosa ni hilo.

mjukuu_wa_fundi: Nta iliyoganda kwenye nati?
Mwandishi: Usitumie kisu. Kinara kiingie friza saa moja, nta itabanduka kwa kijiti cha meno.