Somo: Kubadilishana zamu kati ya praimari na sekondari kwenye DRBD

Wakuu, salaam. DRBD ni programu ya Linux inayonakili diski ya seva kwenda seva nyingine kupitia mtandao. Praimari na sekondari hapa si shule. Praimari ndiyo seva inayosoma na kuandika. Sekondari inapokea nakala tu, hata kuchungulia hairuhusiwi. Kwa protokali C (mojawapo ya namna za DRBD za kunakili), andiko halihesabiki kuwa limekamilika mpaka diski za pande zote mbili zilithibitishe. Ndiyo maana zamu zinabadilishwa bila kupoteza data, mradi ufuate mpangilio.

Seva zangu ni moja (praimari) na mbili. Risosi (jina la DRBD kwa diski inayonakiliwa) ni r0, data iko /data.

1. Kwenye moja, piga `drbdadm status r0`. Unataka UpToDate (data imekamilika) mara mbili, yako na ya mwenzako. Ukiona peer-disk:Inconsistent, kanywe chai kwanza, bado inasawazisha.

2. Zima huduma, kisha `umount /data`.

Hapa ndipo wengi wanakwama. Ikigoma na kusema "target is busy", piga `fuser -vm /data` umwone aliyeng'ang'ania. Mimi niliwahi kuhangaika nusu saa usiku, kumbe ni dirisha langu lingine la terminali nililoliacha nimeingia humo humo /data. Kama unagawa faili kwa NFS, fuser itakuonyesha kerneli tu; zima NFS nayo.

3. Bado kwenye moja: `drbdadm secondary r0`. Ikijibu "Device is held open by someone" wakati umeshatoa mount, mara nyingi ni LVM (mfumo wa kugawa diski) iliyo juu yake. Piga `vgchange -an` na jina la kundi la LVM (volume group), kisha rudia.

4. Hamia mbili: `drbdadm primary r0`, halafu `mount /dev/drbd0 /data`, washa huduma.

Usianze na mbili. Ext4 na XFS (mifumo ya faili) hazivumilii mabwana wawili.

MASWALI

Mkuu, moja ikifa ghafla, hatua ya 3 naifanyaje?

Unairuka, nenda ya 4. Lakini hakikisha imekufa kweli, isiwe ni waya wa mtandao tu uliochomoka. Seva zote zikiwa praimari huku hazionani, kila seva itaandika yake, na zikikutana tena zitakataana: utaona StandAlone. Hapo chagua ya kupoteza, nakili kwanza vilivyo ndani yake, kisha humo: `drbdadm disconnect r0`, `drbdadm secondary r0`, `drbdadm connect --discard-my-data r0`. Kwenye iliyobaki, `drbdadm connect r0`.

Mimi kwenye `drbdadm primary` naweka --force (kulazimisha) kila mara, inafanya kazi vizuri tu.

Acha hiyo tabia, ndugu yangu. Mimi huitumia siku ya kwanza, diski zikiwa tupu. Baada ya hapo, ikikataa ina sababu.

Na tunaotumia Pacemaker (programu inayohamisha huduma kati ya seva yenyewe)?

Msiguse drbdadm, mtagombana nayo. `pcs node standby moja`, itahamisha kila kitu yenyewe. Ukimaliza matengenezo, `pcs node unstandby moja`. Hii ya pili husahaulika sana.