Chaneli 128 za redio ya mkononi: zipange hadi kidole kizijue

Redio ndogo kama Baofeng UV-5R ina nafasi 128 za kumbukumbu, kuanzia 0 hadi 127. Wengi wakishainunua hujaza nafasi za mwanzo kwa pupa, masafa haya leo, yale kesho, na baada ya muda hakuna anayekumbuka chaneli 14 ni ya nini. Ukiwa umekaa sebuleni fujo hiyo haiudhi sana. Inaudhi pale umeme unapokatika mji mzima, simu hazishiki mtandao, nawe unabonyeza mshale gizani ukitafuta masafa mliyokubaliana kukutania.

Ushauri wangu wote umo katika jambo moja: panga chaneli kwa mahali utakapokuwa na kazi utakayofanya, usizipange kwa mfuatano wa masafa. Redio haijali 145.500 iko nafasi ya ngapi. Anayejali ni wewe unayebonyeza.

Nitatumia UV-5R kwa sababu ndiyo redio ninayoiona zaidi mikononi mwa wanaoanza. Mwenye Yaesu au Kenwood atakuta vitufe vingine, ila mpango ni uleule. Nachukulia pia kwamba una leseni ya redio ya ridhaa, yaani redio ya kujifurahisha isiyo ya biashara, ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kwa Tanzania au ya Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Bila leseni, kitufe cha kusemea usikiguse.

Hatua ya 1: Kalamu na karatasi

Usifungue kompyuta bado. Chukua karatasi, igawe kwa makumi, na uamue kila kumi ni la kazi gani. Mimi nagawa hivi:

001–009: kuitana moja kwa moja, redio kwa redio
010–019: ripita za nyumbani (ripita ni kituo kinachopokea sauti yako na kuirusha tena ili ifike mbali)
020–029: ripita za njia ninayosafiri mara kwa mara
030–039: ripita za ng'ambo ya mpaka
060–069: setilaiti
100–127: kusikiliza tu

Namba nyingine naziacha wazi kwa makusudi. Ukibana kila kitu mwanzoni, ripita mpya ikija itakubidi usogeze chaneli zote, na namba ulizokwisha kuzizoea zitabadilika. Namba ya chaneli ikishazoeleka isiguswe.

Chaneli 001 isiwe na mjadala: 145.500 MHz. Afrika iko Kanda ya 1 ya IARU, muungano wa kimataifa wa redio ya ridhaa, pamoja na Ulaya, na katika kanda hii 145.500 ndiyo masafa ya kuitana kwa FM kwenye bendi ya mita 2. Chaneli 002 iwe 433.500 MHz, ambayo ni ya kuitana kwenye bendi ya sentimita 70. Zinazofuata ziwe za kuhamia mkishaitikiana, kwa mfano 145.525 na 145.550, kwa sababu masafa ya kuitana si ya kukalia mkapiga soga. Zikiwa jirani, unamwambia mwenzako "twende 003" na wote mnafika kwa kubonyeza mara moja au mbili.

Kwa ripita, andika mambo matatu kwa kila moja: masafa unayosikilizia, masafa unayorushia, na toni, yaani mlio mdogo unaoifungua ripita. Yapate kwa wanaoitunza ripita yenyewe, au kwa chama. Kenya kuna Amateur Radio Society of Kenya. Orodha zinazozagaa mtandaoni huwa zimechakaa, na nyingine si za kwetu kabisa. Ukiona orodha imejaa masafa ya 146 na 147 MHz, jua imetoka kwenye nchi ambazo bendi ya mita 2 inafika 148, kama Marekani. Kwetu inaishia 146. Na zile chaneli saba za kuanzia 162.400 hadi 162.550 ni za utabiri wa hewa wa Marekani na majirani zake. Hapa zinakula nafasi bure.

Ukitaka kurusha ng'ambo ya mpaka, Horohoro au Namanga, ulizia kibali cha nchi ile kabla hujasafiri. Leseni ya nyumbani usidhani inavuka nawe.

Hatua ya 2: Soma redio kabla ya kuiandikia

Programu ninayoitumia ni CHIRP. Ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Unahitaji pia waya wa USB wenye plagi ya pini mbili ya mtindo wa Kenwood.

Waya ndio unaowakatisha watu tamaa. Nyaya nyingi za bei rahisi zina chipu bandia ya Prolific, na draiva mpya ya Windows huikataa. Wenye uwezo wa kuongeza pesa kidogo wanunue waya wenye chipu ya FTDI, wataepuka usumbufu huo. Pili, plagi lazima izame hadi mwisho. Kwenye UV-5R umbo la plastiki mara nyingi huizuia isiingie yote, hivyo ukiona ujumbe kwamba redio haijibu, sukuma plagi kwa nguvu kabla hujalaumu kompyuta.

Zima redio, chomeka waya, washa redio, iache kwenye masafa matulivu. Katika CHIRP chagua kupakua kutoka kwenye redio. Ukishapata jedwali, lihifadhi palepale, kwa jina lenye tarehe na neno "asili". Faili hilo usilihariri kamwe. Ndilo litakalokuokoa ukiharibu mipangilio.

Halafu futa chaneli zilizokuja na redio kutoka kiwandani. Zile ni masafa ya majaribio ya mtengenezaji, na hapa kwetu yanaweza kuwa ya kampuni ya ulinzi, ya hospitali au ya polisi. Redio hii ina uwezo wa kurusha nje kabisa ya bendi zetu, na haitakuzuia.

Kitu kingine: usichukue faili zima la redio ya rafiki ukalipakia kwenye yako. Hata zikifanana sura, programu za ndani huweza kutofautiana. Fungua mafaili yote mawili, nakili mistari ya chaneli kutoka la kwake, ibandike kwenye la kwako.

Hatua ya 3: Jaza mistari

Tuchukue ripita moja ya mfano, tuseme unasikiliza 145.700 na unarusha 145.100, toni 88.5. Nenda mstari wa 10. Kwenye Frequency andika 145.700, yaani masafa unayosikilizia. Kwenye Duplex chagua alama ya kutoa, na kwenye Offset andika 0.600. Maana yake ukibonyeza kitufe cha kusemea redio itashuka kHz 600, ambao ndio utaratibu wa ripita za mita 2 katika kanda yetu. Kwenye Tone Mode chagua Tone, kisha andika 88.5 kwenye safu ya Tone.

Hapo kwenye toni tulia. Ukichagua Tone, redio inarusha toni ili kuifungua ripita, lakini inapokea chochote kinachokuja. Ukichagua TSQL, inarusha toni na pia inakaa kimya mpaka isikie toni hiyohiyo ikirudi. Kuna ripita zisizorudisha toni, hivyo mtu aliyeweka TSQL husema na kuitikiwa bila kusikia kitu, akadhani hafiki. Tena TSQL ina safu yake ya namba, si ileile ya Tone. Ukijaza safu moja na kuchagua hali nyingine, redio itatumia namba usiyoikusudia. Anza na Tone kwenye kila ripita. Hamia TSQL pale tu unaposumbuliwa na kelele na una hakika ripita inarudisha toni.

Sasa setilaiti, ambako kumbukumbu inafanya kazi ambayo vidole haviwezi. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kina ripita ya wanaridhaa iliyowashwa Septemba 2020: unarusha 145.990 MHz kwa toni 67.0, unasikiliza 437.800. Lakini kituo kinakwenda kasi ya zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, kwa hiyo kikija upande wako masafa yake husikika juu zaidi, na kikikuacha hushuka. Kwenye bendi ya sentimita 70 tofauti hiyo hufika kHz 10 hivi kila upande. Kuandika masafa upya kwa vidole wakati kituo kinapita kwa dakika kama kumi tu haiwezekani. Kwa hiyo jaza mistari mitano:

060: 437.810
061: 437.805
062: 437.800
063: 437.795
064: 437.790

Kwa yote mitano, Duplex chagua split, na kwenye Offset andika masafa kamili ya kurushia, 145.990. Tone 67.0. Kituo kinapochomoza uko 060. Sauti ikianza kukwaruza, bonyeza mshale wa juu mara moja, na tena, hadi kinapozama uko 064. Masafa ya kurushia huna haja ya kuyasogeza, maana kwenye mita 2 tofauti ni ndogo na FM inaivumilia. Shikilia kitufe cha MONI ili redio isikate sauti hafifu, na zima TDR, yaani kusikiliza masafa mawili kwa zamu, kwenye menyu ya 7 ili isirukeruke kwenda kusikiliza masafa ya pili. Antena ndogo iliyokuja na redio hupokea kituo kikipita juu kabisa. Kwa mapito ya chini tafuta antena ndefu au yagi, ile ya kuelekeza upande mmoja.

Chaneli 065 iwe 145.800, ambako wanaanga husikika wakizungumza na wanafunzi wa shule. Hiyo ni ya kupokea tu.

Na kwa kila chaneli ya kupokea tu, chagua off kwenye Duplex. Kitufe cha kusemea hakitarusha kitu hata ukikikalia kwenye kiti cha gari. Fanya hivyo kwa kumi lote la 100 na kuendelea. Wa pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, huko ndiko wanakoweka chaneli 16 ya baharini, 156.800 MHz, ya kuitana na ya dharura kwa vyombo vya majini. Kusikiliza nako kuna sheria zake, kwa hiyo soma masharti ya leseni yako kwanza. Weka huko pia 144.800, masafa ya APRS katika kanda yetu, ambako redio hutumiana data kama vile mahali zilipo. Utasikia milio ya data tu, lakini ni vizuri ujue iko wapi usije ukasemea hapo.

Hatua ya 4: Majina ya herufi saba

UV-5R inakubali herufi saba kwa jina, na huwezi kuyaandika kwa vitufe vya redio. Ni kwa kompyuta tu. Mimi hutumia herufi tatu za uwanja wa ndege wa karibu, nafasi, kisha tarakimu tatu za mwisho za masafa: DAR 700, JRO 650, MBA 725. Hiyo ni mifano ya uandishi tu, si ripita halisi. Jina la namna hii linakuambia uko wapi na masafa ni yapi bila kufungua menyu, na ripita ikizimwa unajua mara moja jina limebaki kaburi. Kwa setilaiti: ISS 810, ISS 805, na kuendelea.

Ili majina yaonekane, kwenye redio fungua menyu ya 21 uweke NAME. Menyu ya 22, ya mstari wa chini, iache ioneshe masafa. Ukiweka chaneli ileile juu na chini, unaona jina na masafa kwa pamoja.

Hatua ya 5: Nini kiskaniwe

UV-5R huskani, yaani hupitia chaneli moja moja ikitafuta sauti, taratibu sana. Ukiiachia chaneli sitini, mtu atamaliza kuita kabla haijafika kwake. Kwenye safu ya Skip weka S kwa kila chaneli isiyohitajika kila siku: setilaiti zote, APRS, ripita za mbali. Ziache bila S zile za 001 hadi 009 na za nyumbani. Ukisafiri, geuza: ya nyumbani wekea S, ya njiani ondoa.

Hatua ya 6: Pakia na ujaribu

Hifadhi faili kwa tarehe mpya, kisha pakia kwenye redio. Redio itajizima na kujiwasha. Bonyeza VFO/MR ili uingie upande wa kumbukumbu, andika 001 kwa vitufe, uone kama inafika. Andika 010, sikiliza kwanza, kisha taja ishara yako ya wito na uombe ripoti. Pitia hivyo kila ripita unayoifikia. Chapisha jedwali pia, karatasi moja ndani ya mfuko wa redio.

Ukiwa njiani bila kompyuta

Kuongeza ripita kwa mkono kunawezekana. Ingia upande wa masafa, mstari wa juu. Andika masafa ya kusikilizia. Menyu ya 13, weka toni. Menyu ya 27, chagua namba iliyo wazi. Iliyokaliwa huanza na CH, iliyo wazi ni namba tupu. Bonyeza MENU, kisha EXIT. Sasa andika masafa ya kurushia, rudi menyu ya 27, chagua namba ileile, bonyeza MENU. Mara ya kwanza redio imeweka ya kupokelea, mara ya pili ya kurushia. Wengi huishia mara ya kwanza, wakapata ripita wanayoisikia lakini hawaifungui. Kama namba imekaliwa, ifute kwanza kwa menyu ya 28, kwa sababu redio haiandiki juu ya chaneli iliyopo.

Ukirudi nyumbani, pakua kutoka kwenye redio kabla hujapakia chochote. Faili lililo kwenye kompyuta halina hizo chaneli za safarini, na ukilipakia jinsi lilivyo litazifuta.