Kuziba Viungio vya Petroli kwenye Injini Kuukuu za Boti Dhidi ya Ethanoli

Injini nyingi zinazosukuma boti za faiba na mashua za Mombasa, kuanzia Bandari ya Kale hadi Tudor na Mtongwe, ni za miaka mingi, nyingine zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo, na mipira yake ya mafuta ilitengenezwa kwa ajili ya petroli tupu. Ethanoli ikiingia katika mafuta, mara nyingi viungio ndivyo vinavyotangulia kulalamika: mpira huvimba na kulainika, kisha hukauka na kupasuka, gundi ya zamani huyeyuka, na mahali palipokuwa pakavu kwa miaka huanza kunuka petroli. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuviziba, na msimamo wake ni kwamba viungio vingi havihitaji gundi yoyote. Fundi anayepaka gundi kila mahali anaandaa uvujaji wa kesho.

Kabla ya kushika spana, ni vyema kujua ulicho nacho ndani ya tanki. Ethanoli si mgeni nchini, kwa kuwa ile ya kiwanda cha Muhoroni ilianza kuchanganywa na petroli mwaka 1983 na mpango huo ukasimama miaka ya 1990. Uingereza nayo ilifanya petroli yake ya kawaida kuwa E10, yaani yenye ethanoli hadi asilimia 10, mwezi Septemba 2021, na Marekani mchanganyiko huo umeenea zamani. Usikisie, pima. Tia maji mililita 10 katika chupa ya kioo yenye alama, ongeza petroli ambayo bado haijachanganywa na oili hadi ifike 100, funga, tikisa, kisha iache itulie. Maji hukaa chini. Yakibaki kwenye alama ya 10, hakuna ethanoli. Yakipanda hadi 17 au zaidi, ethanoli imeihama petroli na kuingia majini, nawe unatumia kitu kinachokaribia E10. Petroli hiyo ya kupimia isirudishwe katika tanki.

Sababu ya kuhangaika hivi ni kwamba ethanoli huvuta unyevu, na pwani haina upungufu wa unyevu. Lita 100 za E10 zinaweza kubeba takriban nusu lita ya maji. Yakizidi hapo, maji na ethanoli hujitenga pamoja na kutuama chini ya tanki, mahali hasa mpira wa kunyonyea unapochukua mafuta. Boti iliyopandishwa ufukweni kipindi cha kusi, tanki likiwa nusu, hukaa na mchanganyiko huo kwa wiki nyingi, na chuma chochote cha kawaida kilichomo njiani huanza kushika kutu huku alumini ikilika.

Sasa tuangalie vitu ambavyo mafundi wetu huvipenda na ambavyo havifai. Shelaki ya kichupa huyeyuka katika alkoholi, na ethanoli ni alkoholi. Silikoni ya kawaida ya dukani huvimba na kubanduka ikiguswa na petroli. Kipande cha sabuni, ambacho kimeokoa matanki mengi yaliyotoboka barabarani, huhimili petroli tupu lakini hakihimili ethanoli wala maji. Tepu nyeupe ya mafundi bomba haiyeyuki, ila vinyuzi vyake hukatika wakati wa kukaza, husafiri na mafuta na kuziba tundu la jeti ya kabureta. Kwenye njia ya petroli isitumike kabisa. Aliyezoea kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao za chombo kwa pamba, huona kila uvujaji ni wa kushindiliwa kitu, lakini kiungio cha petroli hakifuati kanuni za mbao.

Kinachoamua dawa ni namna kiungio chenyewe kinavyobana. Kama ni nati inayobana mdomo wa bomba la shaba uliotanuliwa, chuma hukutana na chuma, na gundi ikiingia hapo huzuia nyuso hizo zisikutane. Kikivuja, kagua mdomo kama una ufa au mkwaruzo, kisha utanue upya. Kiungio chenye bolti iliyotobolewa hubana kwa wosha mbili za shaba, ambazo hubadilishwa au hupashwa moto hadi ziwe nyekundu ili zilainike tena, kazi ambayo haifanyiki ndani ya boti. Kiungio cha kuchomeka haraka, kile kinachounga mpira na injini ya nje, hutegemea ringi ndogo ya mpira. Itafutie ringi ya Viton, ambayo huvumilia ethanoli, kwa maana ringi ya zamani iliyovimba haiponi. Kinachobaki ni viungio vyenye nyuzi, yaani mistari ya kukazia kama ya skrubu, zinazochongoka kuelekea mbele, kama vile vinavyoingia kwenye filta, pampu au tanki. Hivyo ndivyo vinavyohitaji gundi.

Gundi inayofaa ni ile ya kuzibia nyuzi inayokauka ikikosa hewa kati ya chuma na chuma, na kibandiko chake lazima kitaje petroli na alkoholi kwa pamoja. Kikitaja petroli peke yake, kiache dukani. Haifai kwenye plastiki, kwa sababu huko haikauki vizuri na inaweza kuipasua. Toa betri, funga mafuta, fungua vifuniko vyote ili ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, ipate hewa, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hulala chini, na asiwepo mwenye sigara karibu. Sugua nyuzi kwa brashi ya waya ya shaba hadi masalia yote ya gundi ya zamani yatoke, ukiwa umeziba tundu la ndani kwa kitambaa ili makombo yasiangukie kwenye pampu. Futa kwa asetoni, acha pakauke. Paka gundi kuanzia uzi wa pili, ukiuacha wa kwanza mtupu, ili inaposukumwa isiingie katika mafuta. Kaza kwa mkono hadi igome, kisha ongeza kwa spana mzunguko mmoja hadi miwili, huku spana ya pili ikishikilia upande wa pili, kwa kuwa mwili wa pampu wa alumini hupasuka kirahisi. Ikiwa ni kiungio cha kona na umepita mahali ulipotaka ielekee, usiirudishe nyuma hata kidogo. Ifungue, isafishe, uanze upya. Iache saa 24 kabla ya kurudisha mafuta.

Kwenye chuchu ambayo mpira huvishwa, gundi haina kazi. Kinachobana ni mpira mzuri na klipu nzuri. Mpira wa zamani usiukate kwa kisu hadi chini, kwani mkwaruzo mmoja kwenye chuchu kwa urefu wake ni mfereji wa petroli. Uchane juu juu, kisha uumenye. Nunua mpira uliochapishwa A1-15 kwa injini ya ndani, au B1-15 kwa injini ya nje. Namba 15 huonyesha kiwango cha juu cha gramu za mafuta kinachoruhusiwa kupenya katika kila mita ya mraba ya mpira kwa siku. Mpira wa gari wa bei nafuu usio na maandishi yoyote ni ghali kuliko unavyoonekana. Klipu iwe ya chuma kisichoshika kutu pamoja na skrubu yake: nenda dukani na sumaku, kwa sababu mara nyingi mkanda ni mzuri na skrubu ni ya chuma cha kawaida. Mkanda usiwe wa matundu, maana hukata mpira.

Kazi ikikamilika, minya pampu ya mkono hadi iwe ngumu na uiache dakika kadhaa. Ikilegea, mafuta yanatoka mahali fulani, na povu la sabuni litakuonyesha. Jaribio hilo pekee halitoshi, kwa sababu injini inaponyonya, kiungio kilicho kabla ya pampu ya injini huvuta hewa bila kudondosha hata tone, nayo mashine hukosa nguvu mkondoni kana kwamba mafuta yamekwisha. Unga kwa muda kipande kifupi cha mpira unaoona ndani kati ya filta na pampu, washa injini boti ikiwa imefungwa gatini, na utazame viputo. Vikiwepo, rudi nyuma kiungio kimoja kimoja kuelekea tanki. Kipande hicho kiondolewe kabla ya kwenda baharini, na uchukue filta ya akiba, kwa sababu ethanoli hubandua uchafu uliogandamana tankini kwa miaka na kuupeleka wote kwenye filta katika safari za mwanzo.