Somo: Kuchagua ufukwe Unguja bila kukuta bahari imeondoka

Mwaka fulani nilipokea wageni kutoka Tabora, upande wa mke wangu. Shangazi yake hakuwa amewahi kuiona bahari kwa karibu. Nikakodi gari, nikawapeleka Jambiani, maana nilikuwa nimewasifia mchanga wake mweupe wiki nzima. Tukafika saa 4 asubuhi. Mchanga upo, minazi ipo, ngalawa zimelala ubavu kwenye matope. Maji hakuna. Mstari mweupe wa mawimbi ulikuwa kule kwenye mwamba, mbali kiasi cha mtu kuonekana kama sisimizi. Shangazi akashuka garini, akaangalia kulia na kushoto, akaniuliza kwa upole: "Baba, sasa hiyo bahari yenu mmeipeleka wapi?"

Kosa halikuwa la Jambiani, lilikuwa langu. Nimezaliwa kisiwani na nilisahau kuangalia mwezi. Tangu hapo kila anayeniuliza "ufukwe gani mzuri Zanzibar?" namjibu kwa swali: unakuja tarehe ngapi? Ufukwe mmoja unaweza kuwa pepo saa 10 jioni na uwanja wa mpira saa 4 asubuhi. Picha za mtandaoni zote zimepigwa maji yakiwa yamejaa.

Hatua ya 1: Jua unataka kufanya nini

Kuogelea, kupiga picha, kutembea, kuona samaki na matumbawe, watoto wacheze, au ukae tu chini ya mnazi na dafu lako? Usijibu "vyote". Chagua viwili. Anayetaka kuogelea saa yoyote na anayetaka kutembea juu ya mchanga wa maji kupwa, yaani yakiwa yamerudi nyuma, hawaendi upande mmoja.

Hatua ya 2: Hesabu mwezi

Hapa ndipo penye somo lenyewe, nisome polepole.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika kidogo, na kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua: maji hujaa sana na hukauka sana, tofauti inaweza kufika karibu mita 4. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayapandi sana wala hayaendi mbali.

Jambo zuri ni kwamba kwetu bamvua ina saa zake. Maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Kwa hiyo huhitaji hata simu. Chukua kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani:

Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi mwandamo: bamvua. Asubuhi saa 4 pwani ya mashariki ni kavu, saa 10 jioni bahari iko miguuni mwako.

Tarehe 4 hadi 6 na 18 hadi 20: maji hupwa mchana wenyewe, kati ya saa 6 na saa 8. Kwa mtu anayetoka mjini asubuhi na kurudi jioni, hizi ndizo siku mbaya kuliko zote upande wa mashariki.

Tarehe 8 hadi 11 na 22 hadi 25: maji mafu, na hujaa kati ya saa 4 asubuhi na adhuhuri. Siku za kuogelea hizo. Hata yakirudi nyuma, hayakuachi mbali.

Ni makadirio, si msumeno. Ukitaka dakika kamili tafuta jedwali la maji la bandari ya Zanzibar, lipo bure mtandaoni. Lakini kwa kupanga safari kalenda inatosha, na mvuvi yeyote atakayekusikia ukitaja "tarehe 17 ya mwezi" ataanza kukuheshimu.

Hatua ya 3: Uliza upepo

Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, tangu masika yanapoisha mpaka kama mwezi wa 9. Huleta baridi kidogo na mawimbi upande wa Paje, Bwejuu na Jambiani. Kaskazi huja karibu na Disemba hadi Machi, joto kali, na ncha ya kaskazini ndiyo inayochafuka. Kati ya kusi kwisha na kaskazi kuingia kuna matlai, na bahari inaweza kulala kama mafuta kwenye sahani. Masika, Machi hadi Mei, hoteli nyingi hushusha bei na baadhi hufunga. Mvua ipo, ila hainyeshi kutwa.

Wanaocheza na tiara kubwa juu ya maji huutaka upepo huo huo, ndiyo maana Paje imejaa wao katika kusi na katika kaskazi. Wewe unayetaka kulala mchangani utapigwa na mchanga masikioni.

Hatua ya 4: Sasa chagua upande

Kaskazini. Nungwi na Kendwa, karibu kilomita 60 kutoka mjini. Hapa mwamba hauko mbali na ufuo, hivyo maji hayakimbii. Kendwa unaogelea saa yoyote ya siku, na kwa kuwa inatazama magharibi, jua unaliona likizama baharini. Kama huna muda wa kuhesabu mwezi, nenda Kendwa, mjadala umekwisha. Kasoro yake ni watu: muziki, na mapapasi, wale vijana wanaowaganda wageni, wakikuuzia mkufu na safari ya boti kila hatua kumi. Nungwi mimi hupenda zaidi nyuma ya ufukwe, wanakounda majahazi kwa mkono. Simama pale nusu saa umwangalie fundi akipigilia kalafati kati ya mbao, pamba iliyolowekwa mafuta, inaingia kwa nyundo na patasi kidogo kidogo mpaka ufa unafumba.

Mashariki. Matemwe, Kiwengwa, Pongwe, Bwejuu, Paje, Jambiani. Mchanga wa huku ni laini kama unga wa muhogo na hauchomi hata saa 8 mchana. Mwamba uko mbali, kwa hiyo kati yake na ufuo kuna ziwa la maji machache, na likikauka ndiyo ile shangazi aliyoiona. Lakini usilidharau likiwa kavu. Asubuhi ya bamvua akina mama wa Paje na Jambiani huingia mashambani kwao, vigingi na kamba zenye mwani. Kilimo hiki kilianza huku mwaka 1989 na kimesomesha watoto wengi. Wengine hupita na fimbo wakichokoa pweza mashimoni. Tembea nao, salimia kwanza, pita pembeni ya kamba, usikanyage mwani wa watu, na omba ruhusa kabla ya kutoa simu. Ndara hazifai, zitanasa. Vaa viatu vya mpira vinavyofunga, kuna vidude vyeusi vya miiba humo.

Ncha ya Michamvi ina pande mbili. Pingwe inatazama mashariki, pale kuna mkahawa juu ya jiwe ambao maji yakipwa unaufuata kwa miguu na yakijaa unavushwa kwa boti. Kae, dakika chache tu upande wa pili, inatazama ghuba ya Chwaka na machweo, na kusi haiifikii vizuri.

Kusini. Kizimkazi, watu huenda kwa ajili ya pomboo. Nenda, lakini boti kumi zikimzunguka mnyama mmoja, mwambie nahodha akae mbali. Ukiwa huko usiondoke bila kuuona msikiti wa Dimbani, kibla chake kina maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107.

Magharibi hakuna anayekuambia. Mangapwani, pango na fukwe ndogo chini ya mawe, familia za mjini huenda na sufuria la pilau.

Hatua ya 5: Ukifika, kabla ya kuingia

Muulize mvuvi: "Mlango uko wapi?" Mlango ni pengo kwenye mwamba ambapo maji hutoka yakianza kupwa. Mkondo wake una nguvu, na mtu hodari wa kuogelea hubebwa kama ganda la nazi. Ukibebwa usishindane nao, kata kwenda pembeni. Na kama umetembea hadi mwambani, geuka mara maji yanapoanza kurudi, kwa sababu hujaza mabonde ya nyuma yako kwanza.

Vazi la kuogelea ni la mchangani. Ukipanda kijijini kununua maji jifunge kanga.

MASWALI

Dada wa Dodoma: Ahsante kwa somo. Nina watoto watatu, hakuna anayejua kuogelea, tuna siku moja tu. Kendwa au?

Jibu: Kwa watoto wasiojua, mimi nisingekupeleka Kendwa, kina huja mapema. Tafuta tarehe za maji mafu, nenda Pongwe au Jambiani. Maji ya magotini, ya vuguvugu, hayana wimbi kwa sababu mwamba umelivunja huko nje. Ila usiwaondolee macho.

Mdau wa Mombasa: Hesabu hii ya mwezi inafanya kazi Diani na Watamu, ama ni ya Unguja pekee?

Jibu: Inafanya kazi, bahari ni ileile na saa hazipishani sana. Diani nayo ina mwamba, maji yakipwa watu hutembea mpaka kwenye mafungu ya mchanga. Watamu ni ghuba ghuba, na hifadhi yake ya bahari ni ya tangu 1968, matumbawe utayaona vizuri maji yakiwa machache na yametulia.

Bibi kutoka Maskati: Naja mwezi wa 7 na binti zangu na wajukuu. Tunataka pasiwe na watu wengi wanaotutazama.

Jibu: Shikamoo bibi, karibu nyumbani. Mwezi wa 7 ni kusi, hewa nzuri, mvua chache, ila mashariki patakuwa na upepo. Jaribuni Mangapwani siku ya kazi, si Jumapili. Au Kae asubuhi mapema. Mkiangukia Julai ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, pitieni Makunduchi.

Mtu wa Makunduchi: Umetutaja kwa ajili ya ngoma tu. Fukwe zetu je?

Jibu: Umenishika. Makunduchi ina mawe mengi na bahari yenye tabia yake, si ya mgeni wa kuogelea. Kwa kutembea na kukaa peke yako ni ya kwanza kisiwani, nakubali.

Kijana wa Dar: Lile fungu la Nakupenda, mbona rafiki zangu wengine wanasema zuri na wengine wanasema wamesimama kwenye maji?

Jibu: Ni fungu la mchanga, maji yakijaa linazama. Bamvua toka Forodhani saa 2 asubuhi, saa 4 utalipata lote, kufikia saa 7 anza kufunga vitu. Boti ikikwambia twende saa 8 siku ya tarehe 16, inauza safari ya kusimama kwenye maji. Na patana bei ya boti nzima, si ya kichwa, kabla hujapanda.

Mdau mwingine: Wiki iliyopita nilikuwa Bwejuu, tarehe 17 ya mwezi kama unavyosema. Saa 4 asubuhi nimeamka, maji hakuna. Nikaenda mapokezi kudai nihamishwe hoteli nyingine!

Jibu: Wakakuhamishia wapi, jirani? Kwa sababu na kwa jirani yalikuwa hayapo. Ungeomba chai, ukavaa viatu, ukatembea hadi mwambani, ukarudi saa 6. Saa 10 bahari ingekukuta kitini.