Somo: Chumba cha uani kisichogeuka tanuri (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

Swali ni lile lile kila mara: "Nimejenga chumba cha kazi nyuma ya nyumba, foili (karatasi ya kung'aa ya kuzuia joto la paa) nimeweka, mbona saa nane mchana hakukaliki?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Vipimo ni vya chumba cha mita 4 kwa 3, kuta za mita 2.4, fremu ya mbao, paa la mteremko mmoja. Kibali kwanza. Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya Uganda ya 2013 inakitaka, na uani kwako si kisingizio.

1. Mwelekeo. Ikweta imepita hapa kwetu Uganda, kwa hiyo adhuhuri jua linapiga paa, na asubuhi na jioni linapiga ubavu wa mashariki na magharibi. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, madirisha yawe huko. Magharibi usiweke hata tundu.

2. Sakafu. Mawe sentimita 15 yaliyoshindiliwa, nailoni nzito, zege sentimita 10 kwa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Mifuko 9 ya saruji inatosha. Mwagilia siku saba.

3. Mchwa. Zege lipande sentimita 15 juu ya ardhi, na hizo 15 zibaki wazi, bila maua wala plasta ya kuremba. Mchwa wanaotafuna mbao hawaruki; wanapanda ndani ya kijia cha udongo chembamba kama penseli, na ukikiona mapema unakivunja. Juu ya zege, chini ya mbao ya kwanza, laza ukanda wa bati laini uliotokeza nje sentimita 5 na kukunjwa kuelekea chini. Mbao ziwe zilizotibiwa kiwandani kwa shinikizo. Oili chafu ya gari inabaki juujuu tu, halafu chumba kinanuka gereji.

4. Fremu. Nguzo za inchi 4x2 kila sentimita 60, katikati hadi katikati. Bodi ya polistairini (ile nyeupe inayofungiwa televisheni) ni mita 1.2 kwa 2.4, basi kila bodi inajaza nafasi mbili. Nunua 12 za unene wa sentimita 5 kwa kuta. Vipande vinavyobaki vinaziba pembeni na juu ya mlango.

5. Kujaza kuta. Kata bodi ikizidi nafasi kwa milimita mbili, iingie kwa kusukumwa. Mwanya ziba kwa povu la kopo. Gundi yenye petroli au tina usiikaribishe, inaila bodi mpaka shimo. Waya za umeme zipite ndani ya bomba, kwa sababu plastiki ya waya ikigusana na polistairini miaka mingi inakauka na kupasuka. Nje funika kwa bodi za saruji juu ya vipapi (mbao nyembamba za kupigilia) vya inchi moja, ndani jipsamu ya milimita 12. Usiiache polistairini wazi hata "kwa muda": inashika moto upesi na moshi wake unaua.

6. Paa. Hapa soma mara mbili. Hatua hii niliwahi kuiharibu, na mafundi wengi wanaiharibu kila siku. Foili haizuii joto kwa kugusana na kitu. Inarudisha mnururisho (joto linalosafiri kama mwanga), na hilo linawezekana tu ikiwa mbele yake kuna hewa. Ukiibandika kwenye bati, joto linapita ndani yake kama linavyopita kwenye sufuria.

Kosa la pili ndilo baya zaidi. Fundi anatandaza foili juu ya kenchi (mbao za mteremko zinazobeba paa), kisha anapigilia papi (mbao za kukatiza zinazoshika bati) moja kwa moja juu yake. Usiku usio na mawingu bati linapoa kuliko hewa na linatoa jasho kwa chini. Matone yanaangukia foili, yanateremka, yanakuta papi imelala kama boma la mtaro. Maji yanasimama hapo, yanatafuta tundu la msumari, na baada ya misimu miwili papi ni laini kama muhogo uliooza. Hewa nayo haipandi, maana kila papi imeifungia njia.

Mpangilio sahihi, kutoka chini kwenda juu: jipsamu, kenchi za 4x2 zenye bodi ya sentimita 5 na ya 2.5 katikati yake, sentimita 2.5 za hewa, foili yenye mng'aro pande zote mbili, ikining'inia kidogo kati ya kenchi na kenchi, kipapi cha inchi moja kikifuata kenchi, juu ya foili, ndipo papi za kukatiza, ndipo bati. Maji yanateremka hadi kwenye mfereji, na hewa moto inatokea juu. Acha mwanya wa sentimita 2.5 chini na juu, urefu wote wa paa, ukiwa na wavu wa mbu. Usiuzibe kwa "umaridadi". Pima kenchi kabla ya kununua bodi: 4x2 ya sokoni mara nyingi haifiki inchi 4.

Mteremko usipungue sentimita 18 kwa kila mita. Bati litokeze sentimita 60 kila upande.

7. Hewa ya chumbani. Mtu aliyekaa anatoa joto karibu wati 100, na kompyuta inaongeza. Fungua madirisha yanayotazamana.

MASWALI

Mdau wa Mukono: Jumla shilingi ngapi?
— Vipimo umepewa, bei ziko dukani kwako.

Kijana wa Lira: Foili ni utapeli. Nimeigundisha vizuri kabisa kwenye bati, joto liko palepale.
— "Nimeigundisha kwenye bati." Hatua ya 6, ndugu.

Kijana wa Lira: Lakini fundi wangu ana uzoefu wa miaka ishirini.
— Basi ana miaka ishirini ya kuigundisha.

Mama Butaleja: Huku makapi ya mpunga yanatupwa. Hayawezi kushika nafasi ya polistairini?
— Swali zuri, mama. Yanaweza. Yana silika nyingi, kwa hiyo hayaozi upesi na yanaungua polepole. Kuzuia joto yanapungukiwa kidogo na polistairini, hivyo yape sentimita 10 ukutani na 15 darini. Pepeta chenga zote, la sivyo umewajengea panya ghala. Yaanike mpaka yakauke kabisa. Jaza kidogo kidogo huku ukigonga ukuta, maana yanashuka. Acha mlango mdogo juu wa kuongezea baada ya miezi sita. Darini weka juu ya dari bapa, siyo kwenye mteremko.

Mwalimu, Kabale: Sisi shida yetu ni baridi ya usiku. Mpango ni ule ule?
— Ule ule, mwalimu, ila ziba mianya ya mlango na weka nailoni nyuma ya jipsamu, mvuke wa pumzi usiingie ukutani. Na tafadhali, sigiri ya makaa isiingie kabisa. Chumba kilichozibwa hivi kinahifadhi hewa ya sumu kama kinavyohifadhi joto, na haina harufu.

Kijana wa Lira: Naweza kuweka matofali tu?
— Weka. Sentimita 5 za polistairini ni sawa na karibu mita nzima ya tofali la kuchoma.

Dada wa Entebbe: Mvua ikipiga bati siwezi kuongea kwenye simu. Polistairini itanyamazisha?
— Hapana, dada. Ni nyepesi mno, na sauti inazuiwa na uzito. Kwenye kenchi badilisha uweke sufi ya kioo (nyuzi laini za kioo), chini yake jipsamu mbili, viungo vya ya pili visiangukie vya ya kwanza. Vaa glavu na barakoa, sufi hiyo inawasha. Kabla ya yote hayo, kagua misumari ya bati: iliyolegea inapiga kelele kuliko mvua yenyewe.