Revolva ya kiunoni: hangaika na nje, ndani muachie fundi

Wakuu, hii ni kwa wenye kibali chao na revolva fupi ya .38 ya risasi tano, zile Smith & Wesson ndogo au Taurus, mnatembea nayo chini ya shati kila siku na inawasumbua. Kabla hujashika bisibisi fungua silinda (lile duara linalozunguka lenye risasi), toa risasi, angalia matundu yote matano kwa macho halafu yapapase kwa kidole, na risasi zenyewe peleka chumba kingine kabisa.

Anza na kishikio. Wengi wanakimbilia kile cha mpira kikubwa kwa sababu kinapunguza teke, na kweli kinapunguza, ila mpira unang'ang'ania nguo, ukiinama kidogo shati linabaki limekwama juu na kila mtu pale stendi ashajua umebeba nini. Mbao inateleza vizuri kwenye kitambaa lakini vile vishikio vyembamba vya kiwandani vinaacha uwazi nyuma ya kikingio cha triga, kwahiyo kidole cha kati kinagongwa kila ukipiga. Mi naona bora mbao fupi inayojaza ule uwazi na haizidi urefu wa fremu, maana kinachochomoza kwenye nguo ni kishikio, mtutu uko ndani ya suruali hauna shida. Kubadilisha ni skrubu moja tu, ila usichokonoe mbao kwa bisibisi utaivunja kingo, legeza skrubu mizunguko kadhaa halafu kigonge kichwa chake taratibu, upande wa pili utaachia wenyewe. Ukishafunga kipya jaribu kutoa maganda, kama mbao ya kushoto inayazuia ipunguze kwa msasa.

Kile kipembe cha hama, yaani ile nyundo ya nyuma, ndo kinanasa shati ukichomoa. Kukikata inawezekana, ila ujue baada ya hapo huwezi tena kukokota hama kwa dole gumba, itabaki kuvuta triga mwanzo mwisho, na hama ikipungua uzito sana inaweza ikagonga kinyonge. Hiyo kazi ni ya fundi wa silaha mwenye leseni, sio yule wa mageti, silaha zetu hapa Tanzania ziko chini ya sheria ya udhibiti wa silaha ya 2015 na polisi wanayo rekodi yake, kwahiyo ulizia kwao kwanza. Na namba ya silaha isiguswe hata kwa msasa. Kama hujanunua bado, kuna Model 642 ya Smith & Wesson ambayo hama iko ndani kabisa, umemaliza. Njia ya bure ni kuweka dole gumba juu ya hama wakati unachomoa, hainasi.

Springi laini achana nazo. Triga ya hizi ni nzito, kama kilo tano hivi, na inaudhi, lakini springi ikilegea pini inagonga kitako cha risasi bila nguvu na risasi hailipuki, sasa hapo umebeba chuma tu. Fanya mazoezi ya kuvuta ukiwa na risasi za bandia, kidole kitazoea.

Saiti ya mbele, kile kinundu cha kulengea juu ya mtutu, ipake rangi ya kucha, nyeupe kwanza ikauke, halafu orenji juu yake, baada ya kusafisha kwa spiriti. Bei ya chai.

Halafu vumbi letu la Dodoma, aisee. Kiangazi upepo ukianza, mafuta mengi kwenye bastola yanageuka tope, kwahiyo weka tone halafu futa. Pasafishe sana chini ya ile nyota inayosukuma maganda, uchafu ukijibana pale silinda inagoma kuzunguka au kufunga, na watu wanadhani imeharibika kumbe ni mchanga.

Mfuko wa kuibebea kiunoni fundi wa ngozi anakushonea, mwambie ngozi ngumu, ifunike triga yote na mdomo ubaki wazi hata ukichomoa. Usiiache ndani ya mfuko huo usiku, ngozi inatunza jasho na chuma kinashika kutu, iweke kwenye sefu. Kwa mavazi kaunda suti haina mpinzani, inaning'inia nje na ina mikunjo yake.

Ukimaliza nenda uwanja ulioruhusiwa, piga zile zile risasi unazobeba, kisha kagua skrubu ya kishikio kama imelegea. Ikilegea kaza, piga tena.